Fundi Barafu na Blanketi la Jalidi

Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua wachache. Waliobaki walimwita Fundi Barafu, na kila mtu alikuwa na sababu yake. Wateja wa zamani walisema ni kazi: miaka thelathini na mitatu alikuwa akitengeneza mafriji ya majumbani, majokofu ya mabucha, vyumba vya kuhifadhia samaki na mashine za aiskrimu. Majirani walisema ni tabia, maana hakuna aliyewahi kumwona amepandwa na hasira. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea pale pale sebuleni karibu na dirisha, alikuwa na maoni yake mwenyewe.

"Ni miguu yake," alisema. "Nyie mnamwona mchana. Mimi ndiye ninayelala naye."

Wao kwa wao waliitana Baba Mapacha na Mama Mapacha, ingawa mapacha wenyewe, mabinti wawili, walishakuwa watu wazima na kazi zao mji mwingine. Nyumba ilibaki na vyumba vitatu, cherehani moja, na watu wawili waliozoeana hadi wakawa wanamaliziana sentensi.

Siku moja, akiwa na miaka hamsini na minne, Fundi Barafu aliitwa kwenye taasisi ya utafiti wa hali ya hewa. Lilikuwa jengo la ghorofa mbili, lenye bati la kijani na vipima mvua vimepangwa uani kama watoto wa shule. Nyuma kabisa palikuwa na chumba kisicho na dirisha la nje, na ndani ya chumba kulikuwa na tangi la maji ya chumvi: urefu hatua nane, upana hatua tatu, kina chake kinamfika mtu kifuani. Mashine ya kulipoza ilikuwa imewashinda mafundi wawili. Yeye alifika asubuhi, akafunga macho, akaisikiliza kwa dakika kumi, kisha akasema, "Feni haina neno. Kompresa nayo haina neno. Kuna valvu inakohoa." Mchana mashine ikawa inanguruma kama paka aliyeshiba. Wakamwajiri.

Mwenye tangi alikuwa mtafiti wa kike, mwembamba, mwenye haraka, umri wa mabinti zake. Wote walimwita Daktari kwa sababu ya shahada yake. Fundi Barafu alipolitaja jina hilo mtaani, majirani walianza kumpa salamu za magoti, mgongo na presha ampelekee. Alijitahidi kueleza kwamba huyu ni daktari wa barafu. Jirani mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini. Na barafu nayo inaumwa?"

"Unajua hili tangi ni la nini, fundi?" Daktari alimuuliza siku ya kwanza.

"Samaki?"

"Bahari. Tunagandisha bahari."

Akamweleza, naye alisikiliza kwa makini kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kuelewa. Kwenye ncha mbili za dunia, bahari huganda wakati wa baridi na kuyeyuka wakati wa joto, ila haiyeyuki yote. Kila mwaka watafiti wa nchi nyingi hujaribu kusema mapema, miezi mitatu au minne kabla, ni barafu kiasi gani itabaki bahari ya kaskazini ifikapo Septemba, inapokuwa kidogo kuliko wakati wowote. Wenye meli wanataka kujua. Wanaoishi kwenye pwani zile wanataka kujua. Na watabiri wa misimu wa mbali wanataka kujua, kwa kuwa barafu ile ni kama kifuniko cha sufuria: ikiwepo, joto la bahari linabaki chini, ikiondoka, joto linatoka, na upepo unaweza kubadili njia.

"Sisi hapa tunatoa mwelekeo wa msimu wa mvua," Daktari alisema. "Watu wananiuliza, barafu ya huko inakuhusu nini? Nawaambia, hewa ni moja. Haikati pasipoti."

"Na tangi?"

"Barafu nene huvumilia kiangazi, nyembamba huyeyuka. Ukijua unene umelijua nusu ya jibu. Nina hesabu inayosema barafu inanenepa kwa kasi gani. Nataka kuona kama hesabu yangu inasema kweli."

Hesabu haikusema kweli. Mwaka wa kwanza barafu ya kwenye tangi ilitoka nyembamba kuliko ilivyotakiwa. Mwaka wa pili vilevile. Daktari alibadilisha vipimajoto, akapima chumvi upya, akapekua mistari ya programu yake mmoja mmoja kama mtu anayetafuta chawa. Wapi. Utabiri uliojengwa juu ya hesabu ile nao ukawa unakosea, na kila Septemba alikuwa akikaa ofisini mlango umefungwa, picha za setilaiti zimejaa kwenye kioo cha kompyuta, hataki chai.

Fundi Barafu alimhurumia, lakini yeye mwenyewe alikuwa na lake moyoni.

Masikio yalikuwa yanamkimbia. Yalianza taratibu. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege wa asubuhi, kengele ya baiskeli, mluzi wa birika. Kisha maneno yakaanza kupoteza ncha, akawa anasikia "-ti" bila kujua kama ni kiti au siti. Ngurumo alizisikia vizuri, na ndizo zilizomdanganya. Alijiambia kwamba mtu anayesikia kompresa hawezi kuwa kiziwi. Lakini mafriji hayaugui kwa ngurumo tu. Yanaugua kwa vijisauti: mlio wa bearingi iliyokauka, mluzi mwembamba wa gesi inayovuja. Na kwa fundi aliyejenga jina lake kwa kufunga macho na kusikiliza, kusema "sisikii" ni sawa na mpishi kusema ameacha kuonja.

Basi akanyamaza. Akajifunza kuweka kiganja juu ya mashine na kusoma mtetemo. Watu wakizungumza, alicheka wakicheka. Mapacha wakipiga simu, aliwasalimia kwa sauti kubwa na kumkabidhi mama yao: "Ongea na mama, mikono yangu ina grisi." Mwaka mzima mikono yake ilikuwa na grisi.

Mwaka wa tatu wa tangi, siku ya arobaini na moja ya kugandisha, ndipo mambo yalipoharibika.

Asubuhi aliweka kiganja kwenye kompresa, akaridhika. Mchana akarudi kwenye chumba cha mashine kukaza nati za kitako cha kompresa. Alipiga magoti pale kama nusu saa, spana mkononi, akiwaza habari za mapacha. Mlango ukafunguliwa, Daktari akaingia na daftari lake, akasimama ghafla.

Alisema kitu. Fundi Barafu akatabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Daktari akasogea karibu. "Nauliza, ni nini kinachopiga mluzi hivyo?"

"Mluzi gani?"

Daktari alinyoosha kidole juu ya bega la fundi, hatua mbili tu kutoka sikio lake. Pale kwenye maungio ya bomba palikuwa na doa jipya la mafuta, linang'aa. Fundi Barafu alipoliona tu, alijua. Gesi ilikuwa inavuja, tena si kidogo. Alitazama kipimajoto cha ukutani kinachosoma baridi ya chumba cha tangi. Chumba kilichotakiwa kuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri kilikuwa kimepanda hadi mbili juu yake.

Aliruka. Alifunga valvu, akakata kipande kilichoharibika, akachomelea kipya, akajaza gesi. Ilipofika saa kumi na moja jioni baridi ilikuwa inarudi. Lakini barafu ya siku arobaini na moja ilikuwa imelainika juu, ina jasho.

"Feni zilikuwa na kelele," alisema huku akifuta spana. "Sikusikia."

Daktari alifunga daftari lake. "Ulikuwa pale pale, fundi," alisema polepole. "Pale pale." Akatoka. Angefoka, ingekuwa nafuu.

Nyumbani Mama Mapacha alikuwa anapinda shingo ya gauni. Alimtazama mumewe mara moja tu, akazima cherehani, akavuta kiti na kukaa upande wake wa kushoto. Akagonga meza mara mbili kwa kidole, kisha akasema, "Haya. Nini?"

Akamweleza habari za uvujaji, za tangi, za Daktari. Alieleza yote isipokuwa sababu.

"Na hukusikia," alisema mkewe.

"Feni zilikuwa na..."

"Baba Mapacha." Alimshika kidevu na kumgeuza wamtazamane. "Tangu lini mimi nakaa kushoto kwako?"

Fundi alifikiri. Zamani, tangu walipooana, alikuwa anakaa kulia.

"Na tangu lini nagonga meza kabla sijakusemesha? Na pini zangu je?" Alionyesha kimto kidogo chekundu, kimechomekwa pini pande zote, kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wake. "Miaka yote nilikuwa nabana pini midomoni nikishona. Ukiongea na mimi najibu hivyo hivyo, pini mdomoni. Mwaka jana nikaona unanitazama mdomo kama mtoto anayesubiri kijiko. Nikajua. Nikajishonea kimto."

Aliyekuwa akijiona mjanja wa kuficha, kumbe alikuwa anafichiwa yeye.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sijafa."

"Hujafa. Lakini umeyeyusha bahari ya watu."

Alicheka. Hakutaka kucheka, ila kicheko kilimtoka, na katikati ya kicheko macho yakamjaa machozi, akayaficha kwenye kiganja chenye harufu ya risasi ya kuchomelea na mafuta. Mama Mapacha alimsugua mgongo taratibu, kama alivyokuwa akiwasugua mapacha wakiwa na homa, hadi pumzi zake zikatulia.

"Kesho nenda kamwambie yule binti," alisema mwishowe. "Mwambie ukweli, kisha aseme atakalosema."

Asubuhi Fundi Barafu alimkuta Daktari peke yake mbele ya tangi, amevaa koti zito, kofia imemfika kwenye nyusi. Aliweka funguo za chumba cha mashine juu ya meza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Daktari, nimekuja kurudisha hizi. Jana nilikudanganya. Si feni. Masikio yangu yamekwisha. Yapata mwaka sasa."

Alitegemea hasira, au ile huruma ya juu juu ambayo ni mbaya kuliko hasira. Daktari akavua kofia.

"Kwa hiyo zile siku nilizokuita kutoka nyuma, unaendelea kutembea..."

"Sikukusikia, mwanangu."

"Mimi nilijua umenichukia." Alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilimwambia hata mama yangu. Nikasema kuna mzee kazini hanipendi, nimemkosea nini sijui." Akazisukuma funguo zile kuelekea kwake. "Mashine tutaifungia king'ora chenye taa. Taa utaiona?"

"Taa nitaiona hata nikiwa usingizini."

"Basi chukua funguo zako, shika na rula. Leo tunatoboa, tujue tumepoteza kiasi gani."

Mpaka siku hiyo barafu ilikuwa ikipimwa mahali pamoja tu, katikati, palipokuwa na kipimo cha umeme. Mlango wa chumba cha tangi haukuwa ukifunguliwa hadi jaribio liishe na barafu iyeyuke, na kidirisha cha kuchungulia kilionyesha katikati na upande wa mlangoni peke yake. Kwa kuwa jaribio lilikuwa limeshaharibika, Daktari aliamua kufungua kila kitu. Walitoboa mashimo kumi na mawili kwa keekee ya mkono, wakianzia mlangoni. Fundi alizamisha rula yenye ndoano, anainasa chini ya barafu, anasoma, Daktari anaandika.

"Sentimita arobaini na nane."

Daktari akainua kichwa. "Soma tena."

"Arobaini na nane kamili."

Hiyo ndiyo namba ambayo hesabu yake ilikuwa imeitabiri kwa miaka mitatu bila kuiona. Wakaenda katikati: arobaini na moja. Wakafika mwisho, chini ya mabomba ya baridi yaliyoning'inia darini: thelathini. Rudia, thelathini. Shimo la jirani, ishirini na tisa.

"Hii haiwezi kuwa ya jana," Daktari alisema. "Mchana mmoja hauli barafu yote hii. Tena upande mmoja tu?"

Fundi Barafu hakujibu, na safari hii alikuwa amesikia. Alikuwa anatazama miguu yake. Mlangoni buti zake zilikuwa zimekanyaga barafu tupu, ngumu, yenye rangi ya kijivu. Huku mwisho zilikuwa zimezama kwenye kitu cheupe, laini kama unga. Juu yake unga ulikuwa umelainika kwa joto la jana, ila chini bado ulikuwa mkavu, na kina chake kilikuwa upana wa kiganja. Aliinua uso kutazama mabomba darini, akautazama tena unga.

"Jalidi," alisema.

"Jalidi gani?"

"Mabomba yale yanavaa jalidi, kama friji lolote. Kila baada ya saa sita mashine inayapasha moto ili yavue. Nyingi inayeyuka na kudondokea kwenye trei. Lakini feni ikiwaka, inapeperusha iliyobaki, na inaangukia hapa. Siku arobaini na moja, mara nne kwa siku." Alichota unga ule kwa kiganja na kumwonyesha. "Daktari, fundi yeyote wa friji anajua hili. Mabomba yakivaa jalidi, friji halipoi. Watu wanadhani jalidi ni baridi, basi inaongeza baridi. Haiongezi. Jalidi ni blanketi. Huku barafu yako imefunikwa blanketi, ndiyo maana haikunenepa. Pale katikati, shuka jepesi. Mlangoni imelala uchi, na hesabu yako imepatia. Hesabu haina kosa."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa tangi, kalamu imegandia mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo Fundi Barafu alilisimulia mtaani kwa miezi: alimkumbatia, makoti mawili mazito yakagongana kama magunia.

Kwamba theluji ni blanketi kwa barafu ya bahari, hilo watafiti walilijua tangu zamani. Lilikuwemo kwenye programu zao zote. Kilichomkosesha Daktari usingizi kilikuwa kingine. Kwenye programu yake, theluji ilitandazwa sawasawa, kina kimoja kila mahali, kwa sababu ndivyo hesabu inavyokuwa rahisi. Lakini kwenye bahari halisi upepo unaipuliza na kuirundika, hapa lundo, pale patupu. Je, rundo na tandiko la theluji ile ile vinafunika sawa?

Fundi alilibeba swali hilo nyumbani, akalisimulia wakati wa chakula. Mama Mapacha alimwangalia kana kwamba ameuliza kama maji yanalowesha.

"Godoro la sufi lina kilo kumi. Sufi ikikaa sawa, unalala. Sufi ikikimbilia miguuni, kilo si ni zile zile kumi? Lakini mgongo unalala juu ya mbao. Na mfarishi wa kujifunikia ni hivyo hivyo, baridi haiingii pale penye pamba nyingi, inatafuta pale penye kidogo. Ndiyo maana tunapiga mishono ya kukatiza, pamba isitembee. Huyo Daktari wenu hajawahi kununua mfarishi mbovu?"

Kesho yake fundi aliyapeleka maneno hayo kama yalivyo. Daktari alimwomba ayarudie, akayaandika. Wiki moja baadaye alikuja mwenyewe nyumbani kwao, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, na mke wa fundi akampasulia mto wa zamani kumwonyesha pamba inavyotembea. Walikaa saa mbili wakivutana juu ya matundu, mirundo na mishono. Fundi Barafu alihamia jikoni kuosha vyombo, akijiona mtu wa ziada na akifurahia kuwa hivyo.

Ilichukua miezi kuandika upya sehemu ile ya programu. Barafu iliyovikwa theluji yenye mirundo na mapengo ilinenepa kuliko ile iliyotandikiwa sawasawa, maana joto lilikuwa linatorokea penye upungufu. Daktari aliirudisha programu nyuma miaka ishirini, akaiambia ijifanye haijui yaliyotokea, itabiri kila Septemba upya. Miaka kumi na minne ilikaribia ukweli kuliko zamani. Miaka sita ilizidi kukosea. Aliandika yote, mazuri na mabaya, na mwisho wa ripoti aliwashukuru fundi mkuu wa chumba cha baridi, kwa jalidi, na mkewe, kwa pamba.

Huku nyuma Mama Mapacha alikuwa amemshika mumewe mkono hadi hospitali. Walimpima ndani ya kijichumba chenye sponji ukutani, wakamwambia ni kelele za mashine za miaka mingi, sauti zilizokwenda hazitarudi, lakini vifaa vya masikioni vitamsaidia. Alivikataa mara mbili kwa sababu vilimfanya aonekane mzee. Mkewe akamwambia, "Uonekane mzee kwa nani? Mimi ndiye ninayekutazama." Akavivaa.

Walirudi nyumbani, naye akaingia mlangoni, akasimama wima. "Nini hicho?"

"Kipi?"

"Kinacholia. Kama mbuzi amebanwa mlangoni."

Mama Mapacha alijitupa kwenye kiti na kucheka hadi akashika mbavu. Lilikuwa friji lao. Bearingi ya feni ilikuwa imekauka tangu mwaka uliopita, inalia mchana kutwa.

"Mwaka mzima!" alisema akifuta machozi. "Majirani wananiuliza, mumeo si fundi? Nawajibu, kinyozi hajinyoi."

Fundi alilitengeneza kwa dakika ishirini. Kisha wakakaa kwenye ule ukimya, wote wawili, na baada ya muda akamwambia kwamba anasikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Mkewe aliacha kushona, sindano imebaki nusu njia. Akashona tena, polepole zaidi, ili asikie vizuri.

Juni Daktari alituma utabiri wake pamoja na wa vikundi vingine vya mbali. Septemba ilipofika, hakufunga mlango. Alimwita fundi na kumwonyesha kwenye kioo mstari wa utabiri na mstari wa setilaiti. Haikukutana, lakini pengo lilikuwa chini ya nusu ya lile la mwaka uliotangulia.

"Tumepatia?" fundi aliuliza.

"Tumekosea vizuri zaidi," Daktari alisema, akicheka. "Mwaka mmoja si kitu. Kubahatisha nako kupo. Uniulize baada ya miaka mitano."

"Baada ya miaka mitano nitakuwa nimestaafu."

"Basi nitakuja kukuambia nyumbani."

Wiki ile walikuwa wamemaliza kugandisha tena, safari hii mabomba yamekingwa kwa turubai ili jalidi isianguke ila pale ilipopangwa. Daktari akasema amlete mkewe aone. Miaka thelathini na sita ya ndoa, Mama Mapacha hakuwahi kukanyaga ndani ya chumba chochote cha baridi cha mumewe. Alikuwa akimjua kazini kwake kwa harufu ya nguo tu. Alikuja Ijumaa asubuhi, akavalishwa koti la Daktari lililokataa kufunga kifungo cha katikati, akaingia akitoa moshi mdomoni na kuushangaa.

Alizunguka tangi lote. Aliinama, akavua glovu, akaigusa barafu kwa ncha ya kidole, akakitia kidole mdomoni.

"Chumvi," alisema.

"Ni bahari, shangazi," Daktari alimwambia.

Akatikisa kichwa, akatazama ule weupe uliotandazwa na kurundikwa kwa makusudi, alama za rula, mashimo yaliyopangwa mstari. Kisha akamgeukia mumewe, naye mumewe akasogea kidogo kutega sikio.

"Umefanya kazi nzuri, Baba Mapacha," alimwambia, kwa sauti ya chini kabisa, ile ya chumbani, bila kugonga kitu na bila kumtazamisha mdomo wake.

Fundi Barafu alisikia kila neno. Aliitikia kwa kichwa, akamchukua mkono ule uliolowa, akauingiza ndani ya mfuko wa koti lake pamoja na wake, na Daktari akageuka kuandika joto la chumba, ambalo alikuwa ameshaliandika.